Bi Subiri na Vipande vya Chini ya Chupa

Nilimchukia Bi Subiri kabla sijamtia machoni, na mtu yeyote aliyelala pale nilipolala angemchukia. Nilikuwa wodini, nimenyolewa tumbo, nimezuiwa kula, nimeshaagana na mke wangu kama mtu anayekwenda safari ya mbali. Kesho yake nilikuwa napasuliwa kutolewa kibofu. Ndipo nesi akaja, akaondoa kile kibao cha "Asile kitu" kilichoning'inia kitandani, akasema, "Mzee, upasuaji umesimama kwanza. Daktari wa maabara amesema usubiri."

"Nisubiri nini?"

"Hajasema. Amesema usubiri tu."

Mimi ni muuza nyama. Bucha langu nimelishika tangu ndevu hazijaniota, na katika kazi yangu hakuna kusubiri. Nyama haisubiri, nzi hawasubiri, na mteja ukimsubirisha anavuka barabara kwa yule mshindani wangu mwenye mizani ya kutia shaka. Nikamwuliza nesi huyo daktari ni nani. Akacheka, akasema, "Huku tunamwita Bi Subiri. Utamjua tu."

Nikasema moyoni, nikimjua nitampa za uso.

Lakini nimeanza katikati, kama kawaida yangu. Mambo yalianza kwa damu. Asubuhi moja nilikwenda haja ndogo nikaona mkojo mwekundu. Sikuumwa popote. Nikajiambia ni kazi nzito, nikajiambia ni jua, nikanywa maji mengi na kukaa kimya. Damu ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Mtu anayeshinda na damu mikononi haoni haya kuizungumzia, isipokuwa ikitoka kwake mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyenigundua, kwa sababu siku hiyo nilisahau kumwaga maji chooni. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na kanga yake begani akasema, "Baba watoto, mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa viatu."

Nikavaa viatu. Katika nyumba yangu mimi ndiye mwenye sauti, na yeye ndiye mwenye uamuzi.

Hospitali ya mjini kwetu waliniingiza mrija wenye kamera kwa njia ya mkojo, jambo ambalo sitalieleza zaidi kwa heshima ya wasomaji wanaume. Ndani ya kibofu wakakuta uvimbe uliochanua kama koliflawa ndogo. Wakaukwangua kwa waya wa moto, kipande kwa kipande, na vipande vyote wakavitia kwenye chupa moja yenye dawa ya kuhifadhia. Chupa ikaenda maabara. Majibu yakarudi kwamba ni saratani, na kwamba imeshaingia kwenye msuli.

Hilo neno msuli ndilo lililonipeleka hospitali kubwa. Huko nilipokewa na daktari bingwa wa upasuaji, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliyepotea, ambaye wenzake wanamwita Jenerali. Alinichorea kibofu kwenye karatasi. Alisema ugonjwa huu hupangwa kwa hatua, na hatua inategemea umechimba kiasi gani. Ukiwa kwenye utando wa ndani, au hata chini yake kidogo, unakwanguliwa, unatiwa dawa, na mtu anabaki na kibofu chake. "Ila ukishaingia kwenye msuli," akasema, "huyo si mgeni wa sebuleni tena. Ameshaingia vyumbani. Hapo dawa yake ya uhakika ni kukitoa kibofu chote."

"Na mkojo utapita wapi?"

"Tutakutengenezea njia nyingine. Utatokea tumboni, uingie kwenye mfuko. Watu wengi wanaishi hivyo, tena vizuri."

Niliwaza gogo langu la kukatia nyama, jinsi ninavyoliegemea kwa tumbo ninapopasua mfupa wa paja. Niliwaza wateja wangu wanaotania kila kitu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikasaini. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikishaamua jambo huwa sitaki liguswe, na nilikuwa nimeamua.

Kumbe hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Kabla hawajamtoa mtu kibofu kwa majibu ya hospitali nyingine, vile vioo vyenye nyama iliyokatwa nyembamba kuliko karatasi lazima viletwe, visomwe upya na daktari wao wenyewe. "Ni utaratibu tu," Jenerali aliniambia. Vioo vilichelewa njiani, vikafika siku ileile niliyonyolewa. Na aliyeviweka chini ya hadubini alikuwa Bi Subiri.

Sasa lazima niseme huyu mwanamke alitoka wapi. Haya nimeyapata kwa mama yake mzazi, ambaye siku hizi ni mteja wangu, na ambaye akisimama kwenye foleni huzungumza mpaka wanaomfuata wanasahau walichofuata.

Mama huyo alikuwa akiuza mchele sokoni. Wanawe wote walipangwa kuchambua mawe kabla mchele haujapelekwa mezani. Wale wakubwa walikuwa wajanja: wanachota ukufi mmoja, wanautandaza, wanautazama, wakiona ni safi wanatangaza kwamba gunia lote ni safi. Huyu wa mwisho alikuwa mzito. Anasukuma punje kutoka upande mmoja wa sinia mpaka mwingine, huku wateja wanapiga kelele na kaka zake wanamwita kobe. Siku moja mteja mkubwa wa mama yao, mwenye mgahawa, alirudi na jino lake kwenye leso. Lilikuwa limevunjikia kwenye jiwe.

"Nikawapanga mstari wote," mama aliniambia, na macho yalimwaka kana kwamba ilikuwa jana. "Nikawaambia, kuanzia leo mtu asiniambie mchele hauna mawe. Aniambie ameangalia sinia nzima. Ambaye hajaangalia sinia nzima anyamaze."

Wakubwa walilia, wakasahau. Yule kobe hakusahau. Alisoma akawa daktari, na wenzake walipokimbilia upasuaji na magonjwa ya moyo, yeye akachagua chumba cha chini, mahali panaponuka dawa, ambako madaktari wa patholojia wanakata na kusoma vipande vya nyama vilivyotolewa kwa watu. Kaka yake mmoja akamcheka kwamba ni daktari asiye na wagonjwa. "Wagonjwa ninao," akamjibu. "Ila wao hawanijui." Aliolewa na dereva wa basi la shule, mtu mpole ambaye anasema alijifunza kupika kwa sababu ya njaa, si kwa mapenzi. Hata mtoto wao wa kwanza, mama huyo anadai, alizaliwa muda mrefu baada ya siku yake, kwa kuwa na yeye aliambiwa asubiri.

Basi tuludi wodini, au turudi, maana hata nikikumbuka tu ulimi unateleza kwa hasira. Nilikuwa nimekaa kitandani, njaa inaniuma, nimekunja uso. Akaingia mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, koti lina doa la rangi ya waridi kwenye mfuko. Alinuka kama chupa ya dawa iliyofunguliwa. Manesi wakatazamana, kwa sababu daktari wa patholojia kupanda wodini si jambo la kila siku.

"Shikamoo, baba," akasema. "Wewe ndiye mwenye kibofu?"

"Marahaba. Bado ninacho, ila kuna watu wanakichelewesha kuondoka."

Nilitegemea akasirike. Akacheka, akavuta kiti akakaa. "Mimi ndiye mmoja wao. Hebu niambie, unafanya kazi gani?"

"Nauza nyama."

"Afadhali! Leo sitahangaika kueleza." Akanisogelea. "Ukichuna ng'ombe, kati ya ngozi na mnofu kuna nini?"

"Kuna utando mweupe na mafuta."

"Na katika ule utando, hujaona vinyuzi vyekundu vyembamba, vinavyobaki kwenye ngozi?"

"Naviona kila siku. Ninavikwangua, nawapa mbwa."

"Ni nyama?"

"Ni nyama. Lakini si mnofu. Nikimpimia mteja hivyo atanirushia usoni."

"Sasa kibofu chako kimejengwa hivyohivyo. Juu kuna utando. Chini ya utando kuna nyuzinyuzi laini, na humo mna vinyuzi vya msuli vyembamba, vimetawanyika. Chini kabisa ndipo ulipo mnofu wenyewe, msuli mnene, ule unaokaza unapokojoa. Jenerali anatoa kibofu ugonjwa ukifika kwenye mnofu. Ukifika kwenye vinyuzi tu, hakitolewi kwa sababu hiyo. Mimi ugonjwa wako nimeuona kwenye vinyuzi."

"Na kwenye mnofu?"

"Kwenye mnofu sijauona."

"Kwa hiyo nimepona!"

"Subiri," akasema, na hapo ndipo nilipoelewa jina lake. "Sijauona ugonjwa kwenye mnofu kwa sababu mnofu wenyewe sijauona. Haumo kwenye vioo nilivyoletewa. Siwezi kusema umefika, na siwezi kusema haujafika. Nikisema lolote leo nakudanganya."

Nikamtazama. Maisha yangu yote nimewaambia watu wasikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi nilikuwa nimesaini kutolewa kiungo kwa nyama ambayo hakuna aliyeiona.

"Na kama umefika?" Mke wangu ndiye aliyeuliza, kutoka upande wa pili wa kitanda.

"Basi atolewe, dada, tena haraka, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia Jenerali anoe visu. Sitafuti habari njema. Natafuta mnofu."

Sikumpa zile za uso nilizomwandalia. Nilimwomba chakula tu, na akaagiza nipewe.

Jenerali alipopata habari alishuka ngazi mwenyewe hadi chumba cha chini, na sauti yake, walivyonisimulia, ilimtangulia. Alikuwa amepanga chumba cha upasuaji, damu, watu wa usingizi. "Bi Subiri, utanizeesha kabla ya siku zangu!" alisema. "Nikichelewa na ugonjwa umefika, huyu mtu nimemuua."

"Na ukiwahi na haujafika, umemchukulia kibofu chake bure. Hebu nambie, kikishatoka utakirudisha?"

Hao wawili wametaniana tangu wakiwa wanafunzi, lakini siku hiyo Jenerali hakutania. Aliinama kwenye hadubini, akatazama kwa muda mrefu alichoonyeshwa. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imeshuka. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Tafuta mnofu wako. Lakini wiki hii, si mwakani."

Kitu kilichokuwa kimemkera Bi Subiri ni hiki. Karatasi iliyokuja na vioo ilisema chupa ilipokewa ikiwa na vipande vingi, karibu kujaa. Vioo alivyoletewa vilitosha vipande vichache tu. Vingine vilikwenda wapi? Akampigia simu daktari wa maabara ya mjini kwetu, aliyesoma kipimo cha kwanza. Huyo naye ni mtu wa watu, peke yake kwenye kazi ya watu watatu. Hakuficha. Alisema vile vijisanduku vya plastiki vinavyobeba nyama wakati wa kutayarishwa vilikuwa adimu, kwa hiyo maabara yao ilikuwa na desturi ya kujaza vichache na kuacha. Vipande vilivyozidi vilibaki ndani ya chupa.

"Na vile vya kujaza mnachaguaje?"

"Tunachukua vile vikubwa, vilivyochanua. Si ndivyo vyenye ugonjwa?"

Niliposimuliwa hili nilijipiga paja. Ni wateja wangu kabisa! Kila anayekuja dukani ananyooshea kidole kile kipande kikubwa kilichotundikwa mbele, kinachong'aa. Cha nyuma, bapa, kisicho na rangi, hakitazamwi. Na kwenye uvimbe wa kibofu, kile kilichochanua ni cha juu. Mkwanguo wa mwisho, ule unaoshuka mpaka kwenye shina na kugusa mnofu, unatoa vipande vidogo bapa, vya kijivu, vinavyozama chini ya chupa. Walitazama ua wakaacha shina.

Chupa yenyewe ilikuwa imeshatolewa rafuni na kuwekwa kwenye kreti la vitu vya kuchomwa. Yule daktari wa mjini angeweza kusema imeshachomwa, na nani angembishia? Badala yake alivua koti, akapekua kreti kwa mikono yake, chupa baada ya chupa, mpaka akaona namba yangu. Hakumtuma mtu. Aliipakata mapajani safari nzima, akaja nayo mwenyewe hospitali kubwa. Bi Subiri alimvutia kiti kwenye ile hadubini ya watu wawili, wakakaa uso kwa uso. Hakumkemea hata kwa jicho. Alimwambia tu, "Karibu, mwenzangu. Tukamalize sinia."

Wakavitia vyote. Vipande vyote vya chini ya chupa viliingizwa kwenye vijisanduku, vikagandishwa kwenye nta, vikakatwa vyembamba, vikatiwa rangi. Na mnofu ulikuwamo! Mafungu manene, ya waridi, yaliyopangana vizuri. Baadhi yalikuwa masafi kabisa. Mengine yalikuwa yameungua kwa ule waya wa moto hata yasisomeke.

Mimi nilipoambiwa hayo nilishapanga mzigo wa kurudi nyumbani. Jenerali na Bi Subiri walikuwa wamesimama pamoja miguuni pangu.

"Mafungu mengine yameungua," Bi Subiri akasema. "Masafi hayatoshi kukuapia. Inabidi Jenerali aingie tena, akwangue palepale, ashuke mpaka kwenye mnofu."

Hapo hasira zilinipanda. "Nimekubali kitoke, hamtaki! Sasa nataka kibaki, hamtaki! Nyie watu mnataka nini na kibofu changu?"

"Baba watoto," mke wangu akasema bila kunitazama, anakunja nguo zangu na kuzirudisha kwenye kabati la wodini, "wewe mwenyewe huwezi kuuza kilo ya nyama bila kugeuza kipande mara mbili. Nyamaza ugeuzwe."

Wodi nzima ilicheka. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alicheka mpaka akashika mshono wake. Nikanyamaza nikageuzwa.

Safari hii Jenerali alifanya kazi kwa mkono wake mwenyewe, waya akiupunguza moto. Na Bi Subiri alimpa chupa mbili. Ya kwanza iliandikwa JUU. Ya pili iliandikwa KITAKO, na ndani yake paliruhusiwa kuingia tu kilichokwanguliwa mwisho, kule chini kabisa. Kitu kidogo hivyo, chupa ya pili, lakini niliambiwa kwamba kabla ya siku hiyo hata pale hospitali kubwa kila kitu kilichanganywa pamoja.

Siku za kusubiri nilikaa kwa shemeji yangu, dada wa mke wangu. Nilimsumbua vya kutosha. Nilinoa visu vyake vyote mpaka akaviogopa. Nikachukua nyama aliyonunua nikaichambua upya, nikimwonyesha mnofu na vinyuzi, mnofu na vinyuzi, mpaka watoto wa shemeji wakawa wanakimbia wakiniona na kisu. Mke wangu aliniambia mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia mvumilivu hukuta mbivu zimeshaliwa na popo. Usiku sikulala vizuri, nasema ukweli. Niliogopa. Nilikuwa nimeonjeshwa tumaini, na aliyeonjeshwa ana njaa kuliko aliyenyimwa kabisa.

Tukaitwa. Ofisi ya Jenerali ina kabati la chuma, kitanda cha kupimia, na dirisha linalotazama mahali pa kuanikia mashuka. Yeye alikaa mezani, mikono juu ya karatasi. Bi Subiri alisimama karibu na mlango, miwani kifuani, kana kwamba alipita tu. Mke wangu alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, na hapo nikajua muda wote ule alikuwa ananitania huku anatetemeka.

Jenerali akasoma, safari hii bila kupaza sauti. Ugonjwa ulikuwa chini ya utando, kwenye nyuzinyuzi. Kwenye chupa ya kitako msuli mnene upo, upo wa kutosha, haukuungua. Na ndani yake hakuna saratani.

"Sema tena hilo la mwisho," nikamwambia.

"Mnofu ni msafi, mzee. Kibofu chako hakitoki."

Nikamgeukia Bi Subiri. "Umeangalia vyote?"

"Sinia nzima," akasema.

Wakati huo sikujua anasema sinia ipi, lakini nilimwamini kama ninavyoamini mizani yangu. Mke wangu alipiga vigelegele ambavyo havikuwahi kusikika kwenye korido ile. Manesi walikimbilia mlangoni wakidhani kuna mtu amezimia. Mimi nililia mbele za watu, machozi ya mtu mzima, na Jenerali akanipiga mgongoni kwa kiganja chake kile kizito, akasema, "Sasa usidhani umemaliza na sisi. Kuna dawa na kuna kuchunguzwa, tena miaka."

Hakutania. Kila wiki nilimiminiwa dawa kwenye kibofu kwa mpira, nikalala nayo tumboni nikijigeuzageuza, na ilipotoka ilichoma kama pilipili. Ule mrija wenye kamera tumezoeana mpaka nausalimia. Lakini siku ya kwanza walipoutoa mpira na kuniambia niende mwenyewe, nilisimama chooni nikasikia ule mlio nilioudharau maisha yangu yote. Niliimba. Ninavyojua mimi hakuna mtu aliyewahi kukojoa kwa furaha kiasi kile.

Kazi yangu naendelea nayo. Gogo bado naliegemea kwa tumbo. Jirani wa bucha langu ni fundi cherehani, mama mmoja mcheshi, naye baadaye alipatwa na uvimbe wa kibofu, ila kisa chake kilikuwa kinyume cha changu. Maabara ya mjini ilishabadilika wakati huo. Yule daktari aliyepakata chupa yangu sasa anatia kila kipande, na majibu yake lazima yaseme kama mnofu umeonekana au haukuonekana. Vipande vikubwa vya fundi vilikuwa vya kutia moyo. Vile bapa vya chini vilikuwa na ugonjwa ndani ya mnofu. Zamani vingebaki chupani, naye angepewa dawa ya kumiminwa huku saratani inachimba. Jenerali akamtoa kibofu mapema. Leo anashona na mfuko wake chini ya gauni, na hakuna mteja anayejua mpaka aambiwe. "Wewe walikuachia, mimi wakanitoa," huwa ananiambia akija kununua nyama, "na wote tunapiga kelele barabarani. Kila mtu alipewa haki yake."

Nilipotimiza miaka mitano bila ugonjwa kurudi, Jenerali alitoa mrija, akaniambia kibofu kinang'aa, akanisukuma mlangoni kwamba niende nikamwambie mwenyewe. Nilivaa suti. Mke wangu alivaa lile gauni lake la arusi za watu. Nilikuwa nimebeba paja la mbuzi nililolichagua mwenyewe, lile lililotundikwa nyuma, si lile la mbele linalong'aa. Tukashuka ngazi hadi chumba cha chini, nikasukuma mlango bila kubisha, nikapaza sauti, "Bi Subiri! Miaka mitano!"

Alikuwa ameinama kwenye hadubini. Kando yake kulikuwa na sinia ya bati yenye vioo vimepangwa safu kwa safu, na upande wa kushoto vilivyotazamwa, upande wa kulia vilivyobaki. Hakuinua kichwa. Mkono wake mmoja tu ndio ulioinuka, kiganja wazi kuelekea kwangu. Niliona tabasamu linatokea pembeni mwa shavu lake.

"Subiri, baba," akasema. "Kuna mtu yuko juu hapo, kesho anatolewa kibofu. Sijamaliza sinia."

Nikaliweka paja la mbuzi chini taratibu. Nikavuta benchi, mke wangu akakaa, nami nikakaa kando yake na suti yangu. Na mimi, mimi huyu, nikasubiri.